Msomaji wa Kanisa Si Nusu Kasisi

Siku ya Jumapili, katika vijiji vingi vya Kenya, mtu asimamaye mbele ya watu kuongoza sala katika kanisa la Anglikana si kasisi. Huenda ni mkulima aliyeamka alfajiri kukama ng'ombe wake, au mwalimu wa shule, au karani ambaye siku zote za juma alikuwa mezani pake akiandika hesabu za watu wengine. Amevaa kanzu yake, amefungua Kitabu cha Sala, amesoma masomo, amehubiri na kutangaza habari za juma, na baada ya ibada ameketi pamoja na wazee kuhesabu sadaka. Huenda alasiri ile ile akaitwa kwenda kuzika. Kasisi mwenyewe yuko mbali, maana parishi moja yaweza kuwa na makanisa mengi yaliyotawanyika milimani na mabondeni, naye ni mtu mmoja tu.

Mtu huyo jina lake la kazi ni msomaji. Wengine humwita mwalimu wa kanisa, na wengine, kwa heshima au kwa kutojua, humwita padre. Hapo ndipo tatizo lianzapo. Wako wamdharauo, wakisema ya kuwa yeye ni kipande cha kasisi, mtu wa kushikilia mahali mpaka mwenyewe aje. Wako pia wamsukumao kufanya mambo ambayo hakupewa ruhusa kuyafanya, kwa kuwa wamechoka kumngoja kasisi. Pande zote mbili hukosea, na kosa lao latoka katika jambo moja, yaani kutofahamu kazi hii ilitoka wapi na ni ya nini.

KAZI YAKE NA MIPAKA YAKE

Msomaji ni mlei, yaani Mkristo asiyewekewa mikono kuwa shemasi wala kasisi. Hajipeleki mwenyewe kazini. Huchaguliwa miongoni mwa watu wanaomjua, hufundishwa, kisha hupewa idhini na askofu, na idhini hiyo yaweza kuondolewa. Katika ile Kanuni ya 23 ya Kanuni 39 za Kanisa la Uingereza, zilizothibitishwa mwaka 1571, imewekwa wazi ya kwamba mtu asihubiri mbele ya watu wala kuhudumu sakramenti kabla hajaitwa na kutumwa kwa njia iliyo halali. Basi msomaji naye ameitwa na kutumwa, lakini kwa kazi iliyopimwa.

Aweza kuongoza Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni, kusoma Maandiko, kuhubiri, kuwafundisha wanaojitayarisha kwa ubatizo na kipaimara, kuwatazama wagonjwa, na kuzika akiwa ameruhusiwa. Katika dayosisi nyingi aweza pia kumsaidia kasisi kuwagawia watu mkate na divai vilivyokwisha kubarikiwa. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, msomaji aweza kumbatiza, kama vile Mkristo ye yote awezavyo kufanya wakati wa shida. Lakini hatangazi ondoleo la dhambi kwa mamlaka ya ukasisi, hafungishi ndoa, wala haongozi Ushirika Mtakatifu. Hilo la mwisho ndilo liumizalo watu zaidi, na litarudiwa hapa chini.

Tena haifai kudhani ya kuwa msomaji ndiye mlei peke yake mwenye kazi. Wako wazee wa kanisa watunzao mali, waimbaji, viongozi wa Umoja wa Akina Mama, walimu wa watoto, na wajumbe wa sinodi. Katika sinodi ya Kianglikana walei wana nyumba yao kando ya nyumba ya maaskofu na nyumba ya makasisi. Kanisa hili halijawa kamwe mali ya makasisi peke yao.

KAZI YA ZAMANI

Wengi hudhani ya kuwa wasomaji walibuniwa na wamisionari kwa ajili ya Afrika. Sivyo. Katika Uingereza, zamani za Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala tangu 1558 hata 1603, parishi nyingi zilikuwa hazina mchungaji kwa sababu ya misukosuko ya dini iliyokuwa imepita. Maaskofu wakaweka wasomaji, watu waaminifu wajuao kusoma vizuri, wawasomee watu sala na Maandiko, wala wasiguse kazi ya sakramenti. Baadaye kazi hiyo ikafifia. Ilifufuliwa mwaka 1866, wakati miji ya viwanda ilipokuwa imejaa watu kuliko makasisi walivyoweza kuwafikia. Hapo kwanza walikuwa wanaume tu. Mwaka 1969 Kanisa la Uingereza likawaruhusu wanawake pia.

Basi katika nyakati hizo mbili, msomaji alizaliwa na upungufu. Lakini mtu azaliwaye wakati wa njaa si lazima awe mtu wa njaa maisha yake yote. Kazi iliyoanza kwa sababu ya haja ilionekana kuwa na faida yake yenyewe, na mahali ilipoonekana hivyo waziwazi ni Afrika ya Mashariki.

WALIOTANGULIA PWANI NA UGANDA

Katika pwani ya Kenya, kazi ya kanisa haikuchukuliwa na Wazungu peke yao. Mwaka 1864 walifika Mombasa Waafrika waliokuwa wamekombolewa utumwani wakiwa watoto, wakafundishwa huko Nasik katika nchi ya India. Miongoni mwao walikuwa William Jones na Ishmael Semler. Watu hawa walifundisha, walifua chuma, walitafsiri maneno ya wageni, na kuwalea Wakristo wa Rabai, tena kwa miaka zaidi ya 20, kabla Askofu James Hannington hajawafanya mashemasi mwaka 1885. Walipewa ukasisi mwaka 1895. Ikiwa kanisa lilikuwa hai Rabai katika miaka hiyo yote, lilikuwa hai kwa mikono ya walei. Na kule Fuladoyo, mahali walipokimbilia watumwa waliotoroka, kiongozi wao Mkristo, David Koi, aliuawa mwaka 1883. Yeye naye hakuwa kasisi.

Katika Buganda neno lenyewe lasimulia habari. Wakristo wa kwanza huko waliitwa wasomaji, kwa kuwa kumfuata Kristo na kujifunza kusoma vilikuwa jambo moja machoni pa watu. Alexander Mackay, Mskoti aliyefika huko mwaka 1878, alikuwa fundi wa mitambo, si kasisi. Alipiga chapa karatasi za kusoma, alijenga, alifundisha vijana, akafa mwaka 1890 bila kuwekewa mikono. Na wakati wa mateso ya miaka ya 1885 na 1886, Wakristo walipouawa na wamisionari kubanwa, wazee walei waliochaguliwa na wenzao ndio walioliunganisha kanisa nyumba kwa nyumba, usiku kwa usiku.

Askofu Alfred Tucker alipofika Mengo mwishoni mwa mwaka 1890, alikuta kanisa lenye watu ambalo halikuwa na kasisi mwenyeji hata mmoja. Mwezi wa Januari 1891 aliwapa idhini Waganda sita wawe walimu wa Injili walei. Mmoja wao, Sembera, aliyebatizwa mwaka 1882 kwa jina la Mackay, aliuawa katika vita vya Mengo Januari 1892. Wengine wakaendelea, na mwaka 1893 baadhi yao wakafanywa mashemasi. Hivyo Tucker hakuwaweka walei wasubiri milele. Aliwapima kwa kazi, na waliofaa akawapandisha.

MTU WA MBOGA

Mfano mkubwa kuliko yote ni Apolo Kivebulaya. Alikuwa Mganda aliyewahi kuwa askari, akabatizwa mwaka 1895. Mwaka ule ule akaenda Toro kufundisha, na mwaka 1896 akavuka kwenda Mboga, nchi iliyo leo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walimu waliomtangulia huko walishindwa, maana mtawala wa nchi, Tabaro, hakuwataka. Apolo naye alipigwa na kuteswa. Hata jamaa ya mtawala alipokufa kwa ajali ya mkuki, lawama ikamwangukia yeye, akafungwa na kupelekwa Toro. Alipoachiliwa, angaliweza kurudi kwao Buganda na hakuna ambaye angalimlaumu. Yeye alirudi Mboga. Baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa.

Yafaa tarehe zizingatiwe. Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Maana yake ni kwamba miaka iliyokuwa migumu kuliko yote, yaani miaka ya kupigwa na kufungwa na kuanza upya, aliifanya akiwa mlei. Alikufa mwaka 1933, na kanisa aliloliacha Mboga ndilo shina la Kanisa la Anglikana la Kongo, ambalo mwaka 1992 lilipata kuwa jimbo lenye askofu mkuu wake.

Baada ya hapo ulikuja Uamsho, uliotoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kufika Kabete mwaka 1937. Makasisi walikuwamo, lakini Simeon Nsibambi na William Nagenda, ambao majina yao yalijulikana katika Afrika ya Mashariki yote, walikuwa walei. Mkulima aliyetubu na kurudisha mbuzi aliyemwiba aliweza kusimama na kushuhudia mbele ya kasisi wake, na kasisi akasikiliza. Jambo hilo liliwafundisha watu ya kuwa uhai wa kanisa hauanzii kwenye joho.

MEZA INAYONGOJA

Hata hivyo sifa hizi zisifunike shida iliyopo. Chukua kanisa dogo lililo mbali na barabara. Lina msomaji mwema, na watu husali kila Jumapili. Lakini Meza ya Bwana huandaliwa tu kasisi afikapo, na mvua ikinyesha na mto ukijaa, kasisi hafiki. Mama mzee aliyebatizwa ujana wake, aliyelima shamba la kanisa na kufagia sakafu yake, aweza kulala kitandani mwezi baada ya mwezi na kufa bila kupokea mkate ule. Msomaji huja kila siku, humsomea Zaburi, humshika mkono. Lakini kile mgonjwa akitamanicho zaidi, hana ruhusa ya kumpa. Ni nani atakayesema ya kuwa hilo si jambo la kulifikiri?

Mtu aliyelifikiri kwa ukali kuliko wengine alikuwa kasisi wa Kiingereza, Roland Allen, aliyezaliwa mwaka 1868. Alikuwa mmisionari Uchina, kisha katika miaka ya 1930 akahamia Nairobi, akakaa huko hata kufa kwake mwaka 1947, na huko ndiko alikozikwa. Katika uzee wake alijifunza Kiswahili, akatafsiri kwa Kiingereza Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani. Na mwanawe, J. W. T. Allen, alikuwa mmoja wa mabingwa wa tenzi za Kiswahili.

Hoja ya Allen, aliyoieleza katika vitabu vyake vya mwaka 1912 na mwaka 1930, ilikuwa nyepesi kueleweka na ngumu kumezwa. Alisema ya kuwa misheni zilimpa mwalimu mlei kazi yote ya kuchunga kundi, kisha zikamnyima uwezo wa kulilisha. Kwa nini? Kwa kuwa zilifungamanisha ukasisi na mshahara na shule ndefu. Na kwa kuwa fedha hazikutosha, makasisi hawakutosha, na watu wakakaa na njaa ya sakramenti. Dawa yake haikuwa kumwacha mlei aongoze Meza. Dawa yake ilikuwa kuwachukua wazee waaminifu wa kijiji, wakulima na makarani na wafanya biashara, na kuwawekea mikono wawe makasisi hasa, huku wakiendelea kula jasho lao wenyewe, kama vile Mtume Paulo alivyoshona mahema.

Wakati huo wengi walimwona kuwa mtu wa ndoto. Lakini mwaka 1958 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth walikiri ya kuwa hakuna msingi wa imani unaokataza mtu afaaye asipewe ukasisi huku akiendelea na kazi yake ya kawaida. Tangu hapo dayosisi katika nchi nyingi zimekuwa na makasisi wa namna hiyo.

WASEMAO KINYUME

Wenye shaka nao wana haki ya kusikilizwa. Husema ya kuwa kijiji ni kidogo na jamaa ni wengi. Mkulima akipewa ukasisi katika kijiji chake, atamwambiaje ukweli shemeji yake aliyemla yatima urithi? Kasisi mgeni aweza kuondoka, mwenyeji haondoki. Tena husema ya kuwa mafundisho hafifu huzaa mahubiri hafifu, na mtu aliyechoka kwa jembe hana nafasi ya kusoma. Maneno haya ni ya kweli. Lakini yapime tena: hatari hizo zote tayari ziko juu ya msomaji. Yeye ndiye mwenye shemeji, yeye ndiye achokaye, yeye ndiye ahubiriye Jumapili nyingi kuliko kasisi. Ikiwa mafundisho yake hayatoshi kwa Meza, yawezaje kutosha kwa mimbari? Hoja hiyo basi haimwambii askofu amnyime mtu ukasisi. Yamwambia amfundishe vizuri zaidi, vyo vyote atakavyokuwa.

Kuna njia ya tatu iliyojaribiwa na watu wa Sydney, Australia. Huko sinodi ya dayosisi ilikubali mwaka 1999 ya kwamba mlei aweza kuruhusiwa kuongoza Ushirika Mtakatifu. Askofu Mkuu wao, Harry Goodhew, alikataa kutia sahihi, na sheria hiyo haikusimama. Sababu za wapingao njia hiyo si choyo cha makasisi. Kwa mafahamu ya Kianglikana, yeye aongozaye Meza husimama kwa niaba ya kanisa lote, la kijijini na la ng'ambo, la leo na la zamani. Na kuwekewa mikono na askofu ndiyo alama ya kwamba kanisa lote limemtuma. Kijiji kikijiwekea mtu wake bila alama hiyo, kimepata mkate lakini kimekata kamba iliyokifunga na wengine. Ni afadhali alama itolewe kwa wengi zaidi kuliko kutupwa.

LIFAALO KUFANYWA

Basi mtu aulizaye msomaji ni nani, na ajibiwe hivi. Msomaji si nusu kasisi, kama vile mkunga si nusu daktari. Ana kazi yake kamili. Nguvu yake ni kwamba anaishi kama waishivyo wale awahubiriao: mvua ikikosa, shamba lake nalo hukauka, bei ya kahawa ikianguka, mfuko wake nao huwa mtupu. Ahubiripo juu ya mkate wa kila siku, watu wajua ya kuwa naye ameutafuta. Jambo hilo kasisi aliyehamishwa kutoka mbali hawezi kulipata kwa kusoma.

Lakini kazi kamili yadai heshima kamili. Yako makanisa ambayo humtumia msomaji kwa kuwa hana mshahara, na kumsahau kwa sababu hiyo hiyo. Hutembea maili nyingi kwa miguu kwenda kuzika, na hakuna aulizaye kama viatu vyake vingali vizima. Huhubiri juma baada ya juma kwa kitabu kimoja kilichochanika. Huitwa na baraza la parishi mambo yakiwa yamekwisha amuliwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; abebaye ndiye ajuaye uzito wake.

Wazee wa kanisa waweza kufanya mambo manne bila kungoja barua ya askofu. La kwanza, wamnunulie vitabu, na kumlipia nauli aendapo mafunzoni. La pili, wasomaji wawe wawili au watatu, ili mtu apate Jumapili ya kuketi na watu wake na kusikia mwingine akihubiri. La tatu, hesabu za sadaka zisiwekwe mikononi mwake peke yake, maana jambo hilo limewaharibia jina watu wema wengi. La nne, wapange pamoja na kasisi tarehe za Ushirika Mtakatifu za mwaka mzima, na wajitolee baiskeli au pikipiki au gari la kumchukua, ili mgonjwa asife akingoja.

La tano ni la wakubwa. Mahali ambapo msomaji amechunga kundi miaka mingi, na watu wote wamshuhudia kuwa mwaminifu, si haki aachwe hivyo tu kwa sababu dayosisi haina fedha za mshahara wa kasisi mwingine. Tucker hakufanya hivyo mwaka 1893, wala Apolo hakuachwa hivyo mwaka 1900. Na mahali ambapo msomaji mwenyewe hataki ukasisi, bali atosheka na wito wake, asilazimishwe, wala asionekane kuwa amebaki nyuma.

Jumapili ijayo kengele, au kipande cha reli kilichotundikwa mtini, kitagongwa tena, na mkulima atanawa mikono na kuvaa kanzu yake. Watu wakiingia kanisani, na wamtazame vizuri. Huyo si mtu wa kushikilia mahali pa mwingine. Amesimama mahali pake.